Marufuku ya ngozi ya punda si suala la huruma

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Msingi wa uamuzi huo uliwekwa Dar es Salaam, Desemba 2022, kwenye mkutano wa bara zima uliomhusu mnyama huyu, na Juni 2025 wataalamu wakakutana tena Abidjan kujadili mkakati wa utekelezaji. Pamoja na vikao vyote hivyo, uamuzi wenyewe umepokelewa kwa namna ya ajabu kidogo. Wapenda wanyama walishangilia kana kwamba punda amepewa uraia. Wengine walicheka: Sudan inaungua, mashariki ya Kongo hakulaliki, madeni yamefika shingoni, na marais wanakaa kujadili punda! Na baadhi ya wachumi wa mitandaoni wakahitimisha kwamba Afrika imejifungia soko nono kwa sababu ya huruma iliyoagizwa Ulaya.

Kambi zote tatu, kwa maoni yangu, zimemkosa mnyama mwenyewe. Zinamzungumzia kama mfugo wa kawaida ambaye swali lake pekee ni achinjwe au asichinjwe. Hoja yangu ni kwamba uamuzi ule, ukiusoma kwa historia, ni wa uchukuzi na wa kazi za wanawake kabla haujawa wa huruma. Biashara ya ngozi imeshindwa kujiendesha bila kula mtaji wake yenyewe, na sababu ni ya kale sana: uhusiano wa binadamu na punda, tangu siku ya kwanza, haukujengwa juu ya nyama. Aliyenisaidia kuliona hilo ni mwanaakiolojia Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Kwa miongo kadhaa amechunguza namna watu na wanyama walivyozoeana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ameifanya Kenya, kwenye makazi ya wafugaji wa kale upande wa Mara.

Kwanza biashara yenyewe, kwa ufupi. Ngozi ya punda ikichemshwa hutoa gelatini iitwayo ejiao, ambayo katika tiba ya jadi ya Kichina husemekana kuongeza damu na kulainisha ngozi ya mwili. Zamani ilikuwa anasa ya ikulu. Kipato cha Wachina kilipopanda, ikageuka bidhaa ya dukani: vidonge, vinywaji, vitafunwa, krimu za uso. Punda wa China, waliokadiriwa kuwa milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamepungua hadi chini ya milioni 2, na wanunuzi wakageukia kwingine. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka 2019 kwamba viwanda hivyo vinahitaji ngozi milioni 4.8 kila mwaka. Dunia nzima ina punda wapatao milioni 53, na thuluthi mbili wako Afrika. Huhitaji kuwa mtaalamu wa hesabu kuona mkondo unaelekea wapi.

Kenya ilikuwa na machinjio manne yenye leseni, kuanzia Baringo hadi Turkana. Tanzania ilikuwa nayo Dodoma na Shinyanga, kabla Serikali haijayafunga. Kwa upande wa Kenya, taasisi ya umma ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilifanya hesabu na kutoa ripoti mwaka 2019: kati ya 2016 na 2018 walichinjwa punda 301,977, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote nchini. Uchinjaji ulikuwa asilimia 5.1 kwa mwaka wakati ongezeko la asili lilikuwa asilimia 1.04 tu. Ripoti ikaonya kwamba kwa mwendo ule punda wangeweza kwisha nchini ifikapo 2023. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Hapo ndipo mjadala wa Kenya ulipokwama, na kwa kiasi kikubwa ndipo ulipo mjadala wa bara zima: upande mmoja haki ya kufanya biashara, upande mwingine takwimu za kutisha, na katikati hakuna anayeuliza kwa nini ongezeko la punda ni dogo namna hiyo. Mbuzi tunachinja kila siku, kila sherehe, kila Ijumaa, na hawaishi.

Jibu linaanzia Abydos, Misri ya Juu. Mwaka 2002 wachimbuzi walifukua hapo makaburi matatu ya matofali yaliyokuwa pembeni mwa jengo la mazishi la mmoja wa wafalme wa mwanzo kabisa wa nchi ile. Mahali ambapo ungetegemea kukuta maofisa wa ikulu walikuta punda kumi, wamelazwa kwa mpangilio, kama watumishi waliostahili kumfuata bwana wao. Walikuwa na umri wa takriban miaka 5,000. Marshall na wenzake, wakiongozwa na Stine Rossel, waliipima mifupa ile na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kwa vipimo vingi vya umbo, mifupa ya miguu ya mbele ililingana na ya punda mwitu wa Afrika. Mtu anayeangalia umbo peke yake angesema hawa ni wanyama wa porini. Uti wa mgongo ulisema vingine. Pingili zilikuwa zimebanwa na kusuguana, na kwenye maungio ya mabega na nyonga gegedu ilikuwa imelika hadi mfupa, madhara yanayompata mnyama anayebebeshwa mzigo mzito mwaka hadi mwaka.

Hebu tafakari maana ya jambo hilo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walipoingia mikononi mwa binadamu, miili yao ilibadilika: wakawa wadogo, pembe zikabadilika, kwa sababu watu waliwazalisha kwa kuchagua, wakawala na baadaye wakawakamua. Punda wa Abydos wana mgongo wa mtumwa na mwili wa mnyama huru. Walishabebeshwa mizigo hadi wakaumia, lakini miili yao ilikuwa bado haijabadilishwa na mkono wa mfugaji. Kazi ilitangulia, ufugaji ukafuata nyuma polepole, na kwa namna fulani haujakamilika hadi leo.

Uchunguzi wa vinasaba umeongeza jambo moja ambalo sisi wa upande huu wa bara tungepaswa kulitamba zaidi. Mwaka 2022 timu ya Evelyn Todd na Ludovic Orlando, kutoka Toulouse, Ufaransa, ilichambua jenomu za punda 207 wa sasa na 31 wa kale. Ikabaini kwamba punda wote duniani wanatokana na ufugaji wa mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, huku dalili zikielekeza Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Ndicho kipindi ambacho Sahara ilikuwa ikikauka, visima vikazidi kuachana na watu wakahitaji mnyama wa kuvuka nao masafa makavu. Miaka 4,250 hivi iliyopita, ofisa wa Aswan aliyeitwa Harkhuf aliandikisha kwenye kaburi lake kwamba alirudi kutoka nchi ya Yam, kusini, na punda 300 waliosheheni ubani, mpingo, ngozi za chui na pembe za ndovu. Karne chache baadaye misafara ya punda ilikuwa ikipeleka bati na nguo kutoka Ashuru hadi Anatolia, Uturuki ya leo. Biashara ya masafa marefu ya dunia ya kale ilisafiri juu ya mgongo wa mnyama aliyetoka kwetu. Tunajivunia kahawa na wakimbiaji; punda tunamtumia kumtukania mtoto aliyefeli hesabu.

Sehemu ya utafiti wa Marshall inayogusa moja kwa moja uamuzi wa Addis Ababa si ya makaburini. Yeye na Lior Weissbrod walikwenda kwa Wamasai wa Kenya kuangalia punda wanavyofugwa leo, wakitafuta mwanga wa kuelewa mambo ya miaka elfu saba iliyopita. Walichokikuta hakitamshangaza mtu aliyewahi kukaa Longido au Kajiado, ila nadhani ni wachache waliokipa uzito. Punda hafugwi kundi kubwa. Boma lenye ng'ombe kwa makumi huwa na punda wachache, wa kutosha kwenda kisimani na kuhamisha nyumba. Wanaowatumia na kuwasimamia zaidi ni wanawake. Baada ya kazi huachwa wajilishe wenyewe, na uzazi wao kwa kiasi kikubwa ni shauri lao wenyewe: dume la jirani likipita, limepita. Mwenye punda hachagui kwa umakini nani apande nani, kwa sababu anachokitaka ni mgongo ulio mzima kesho asubuhi, na mgongo hauhitaji ukoo.

Mtazame mama anayerudi na maji mchana wa kiangazi. Punda wake amebeba madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu iliyochanwa. Hiyo ni kilo 80 za maji. Yeye mwenyewe angebeba dumu moja kichwani. Kwa hiyo huyo punda amemwokolea safari tatu, na kama kisima kiko saa mbili kutoka nyumbani, amemwokolea siku nzima na ushee. Mpe huyo mama punda wa pili na wa tatu, maji ya watu na ya ndama yamekamilika. Punda wa kumi atamfanyia nini? Atamlia majani tu. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kufuga punda hamsini.

Sasa rudi kwenye takwimu. Mwenye machinjio akisoma kwamba Kenya ilihesabu punda milioni 1.8 mwaka 2009, anaona kundi. Lakini kundi hilo halipo popote. Kilichopo ni punda wawili hapa, watatu pale, wametawanyika kwenye maelfu kwa maelfu ya maboma, mashamba ya mpunga ya Mwea, vijiwe vya wauza maji na vichochoro vya Lamu. Mfugaji wa ng'ombe akiuza fahali mmoja, anauza ziada ya kundi. Majike wanabaki, na kundi lina hesabu yake ya kujijaza. Punda anayefika machinjioni, kwa sehemu kubwa, ametolewa kazini. Hakuna ziada iliyomwachia nafasi. Sensa ya 2019 ilipokuta punda wapatao milioni 1.2, pungufu ya laki kadhaa, kilichokuwa kimepotea ni vyombo vya usafiri, na wenye kuvitumia hawakuwa na pa kwenda kudai fidia.

Eneo letu lina historia yake ya kuishi bila mnyama wa mizigo, na ni historia chungu. Njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ilikatiza maeneo yenye mbung'o, na ugonjwa wa nagana uliwamaliza wanyama wa kubebesha. Matokeo yake mzigo ulikaa juu ya bega la mtu: mpagazi mmoja, frasila mbili hivi, karibu kilo 30, kwa miezi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijaribu njia nyingine, wakaingiza farasi, baghala, punda na ng'ombe wa kukokota kwa makumi ya maelfu; mbung'o wakawafyeka. Hapo ndipo walipokamatwa wanaume kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na unga, na wengi mno wakafa kwa kuhara, malaria na uchovu, kuliko waliokufa kwa bunduki. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina lao. Sisemi kwamba kumuuza punda kutaturudisha 1916. Nasema mzigo hauyeyuki kwa sababu mbebaji hayupo; unatafuta bega lingine, na katika kijiji cha leo bega hilo linajulikana ni la nani.

Nije kwenye hoja za wanaopinga, maana zipo zenye uzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya ajira na haki ya mali. Machinjio yaliajiri watu kwenye maeneo ambayo kiwanda kingine hakikanyagi, na punda aliyezeeka, ambaye awali alikuwa akiachwa afie pembeni mwa barabara, ghafla alikuwa na thamani. Kwa mtu mwenye ada ya shule ya kulipa hiyo ni pesa kweli, na Serikali inayomzuia kuuza mali yake inapaswa kumweleza kwa nini. Siioni kuwa hoja ya kupuuzwa. Lakini inakosea mahali pawili. Kwanza, inadhani mwenye kuuza na mwenye kutumia ni mtu mmoja. Katika nyumba nyingi si hivyo: mauzo ya mfugo ni uamuzi wa baba, maji ni jukumu la mama. Pesa ikiingia mfuko mmoja na gharama ikaingia kichwa kingine, soko linaweza kuonekana zuri kwa muda mrefu huku likiumiza. Pili, bei iliyomfurahisha muuzaji ndiyo hiyo hiyo iliyowaita wezi. Wenye punda wa Naivasha na kwingineko Kenya walianza kuamka na kukuta vichwa na kwato vichakani, ngozi imeondoka. Hawa hawakuuza chochote, na ajira ya machinjioni haikuwahusu.

Hoja ya pili ni kwamba tuwafuge kibiashara, kama kuku. Inasikika ya busara, na wanaoitoa huwa na nia njema. Tatizo lake ni mwili wa punda. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, wakati mwingine miezi 14, akazaa mtoto mmoja, na yeye mwenyewe huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu au minne. Mbuzi, kwa kulinganisha, hubeba miezi mitano na mara nyingi hutoa mapacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walipiga mahesabu mwaka 2020 wakaona kwamba hata uwekezaji mkubwa wa kuzalisha punda ungehitaji angalau miaka 10 hadi 15 kabla ya kukidhi mahitaji ya ngozi. China yenyewe, yenye mitaji, vyuo vya mifugo na soko mlangoni, imebaki mwagizaji. Hapa utafiti wa Marshall unatoa sababu ambayo hesabu pekee haitoi: kwa miaka 7,000 hakuna aliyemchagua punda ili azae haraka. Nguruwe na kuku wamepitia vizazi vingi vya watu waliokuwa wakitaka wingi. Punda amepitia vizazi vya watu waliotaka avumilie kiu. Mwekezaji anayetaka kumgeuza kuwa kuku anaanza karibu sifuri, na wakati anaanza, atanunua wapi mbegu? Kwa wale wale wenye wawili wawili.

Halafu kuna hoja ya bodaboda. Huko tuendako, wanasema, guta na pikipiki zitachukua kazi hiyo, kwa hiyo tunalinda chombo kilichopitwa na wakati. Kwenye barabara nzuri pembeni mwa miji naikubali nusu. Mikokoteni inapungua na hakuna haja ya kuilazimisha ibaki. Lakini pikipiki inataka petroli kila siku, vipuri, na mara nyingi kijana wa kulipwa taslimu. Punda anakula ukingoni mwa njia. Na yapo maeneo ambayo pikipiki haifiki au haifai. Katika mji mkongwe wa Lamu vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kupeana nafasi. Mchanga, saruji na mawe ya ujenzi vinapanda kutoka gatini ndani ya mashogi, juu ya punda anayejua mlango wa anakokwenda. Kama teknolojia itamwondoa, basi imwondoe kwa kumpa mwenye punda kitu bora. Machinjio yaliondoa punda bila kuleta pikipiki.

Iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye kelele zaidi, ni kwamba marufuku hii ni ukoloni wa huruma: mashirika ya Wazungu wenye pesa yamewaamrisha marais wetu wampende punda, na lengo ni kuikomoa China. Ni kweli mashirika ya Uingereza yamefanya kampeni, yamelipia tafiti na yamekaa vikaoni. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Burkina Faso na Niger zilizuia biashara hii mwaka 2016, miaka minane kabla ya Addis Ababa. Niger ilikuwa imeuza nje punda wapatao 27,000 mwaka 2015, na mwaka uliofuata wakawa 80,000 kabla mwaka haujaisha. Serikali ya nchi inayotegemea punda kwa kila kitu iliona inakoelekea na ikafunga mlango. Ethiopia, nchi yenye punda wengi kuliko nyingine yoyote duniani, ilifunga machinjio ya Bishoftu mwaka 2017 baada ya wakazi kuja juu. Nairobi, Februari 2020, walioandamana hadi wizarani walikuwa wenye mikokoteni. KALRO ni taasisi ya Serikali ya Kenya. Anayesema haya yote ni sauti ya London anawanyima watu wa Sahel na wa Naivasha uwezo wa kujua maslahi yao, na kwa namna hiyo yeye ndiye anayezungumza kama mkoloni. Suala la China nalo limezidishwa. Mnunuzi hana kosa la pekee; angekuwa Mbrazili au Mmarekani, hesabu ya asilimia 5.1 kwa 1.04 ingebaki ile ile.

Wenzangu wa huruma nao wasiondoke bila neno. Unyama wa biashara hii ni wa kweli: punda husafirishwa masafa marefu bila maji, wengine hufika wamekufa. Ila hoja inayosimama juu ya huruma peke yake huangushwa na swali moja jepesi, mbona ng'ombe hamumlilii? Na mbaya zaidi, huruma imeridhika mapema. Punda aliyeokolewa machinjioni anarudi kwenye mkokoteni wenye tairi bovu, na kidonda cha mgongoni kinachofunguliwa upya kila asubuhi na kamba ya katani. Pingili zilizobanwa za Abydos zipo hadi leo, zinatembea Limuru na Kondoa. Marufuku haikuzigusa.

Ndiyo maana nadhani kazi kubwa imebaki kwenye wizara, na bado sijaona dalili kwamba imeeleweka. Punda amewekwa kwenye wizara za mifugo, na bajeti za mifugo hupangwa kwa kilo za nyama, lita za maziwa na vipande vya ngozi. Mnyama ambaye mazao yake ni safari za kisimani hana mstari kwenye jedwali hilo. Chanjo haimfikii, daktari wa mifugo kijijini mara nyingi hajafundishwa kumtibu, na mikopo ya mifugo haimtambui. Ajabu ni kwamba jedwali hilo lilimwona kwa mara ya kwanza siku alipopata thamani ya ngozi. Kama uamuzi wa Addis Ababa una maana niliyoisema, basi punda anatakiwa kuingia kwenye hesabu za maji vijijini na uchukuzi wa mazao, pale ambapo kupotea kwake kunaonekana mara moja kama saa za kazi zilizoongezeka. Mradi wa kisima unaohesabu umbali wa maji bila kuuliza nani ana punda unapima nusu ya jambo.

Pia kuna bandari. Ngozi iliyokaushwa na kukunjwa haisemi imetoka kwa mnyama gani. Ikipangwa chini ya ngozi za ng'ombe kwenye kontena inapita. Nchi yenye marufuku iliyopakana na nchi isiyojali itakuwa imehamisha tu machinjio kwenda vichakani, jambo lililokwisha kutokea mipakani mwetu. Bila ukaguzi wa pamoja Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, muda wa kusitisha utakuwa wa kwenye karatasi.

Na muda wenyewe si mrefu kama unavyosikika. Miaka 15 inaishia 2039. Mwanapunda jike aliyezaliwa wiki ya kikao cha Addis Ababa ataanza kuzaa karibu 2028, na hata akitunzwa vizuri, hadi kufikia mwisho atakuwa ameacha watoto wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja au miwili, baadhi yao madume. Kwa mwendo huo, idadi iliyopotea Kenya kwa miaka mitatu inaweza kuchukua sehemu kubwa ya kipindi chote kurudi. Kwa hiyo sensa zijazo zisihesabu vichwa tu. Zihesabu majike walio katika umri wa kuzaa, na ziandike nani ndani ya nyumba anamtumia, kwa sababu ifikapo 2039 mtu atasimama tena na takwimu ya jumla, aseme punda wamekuwa wengi, na aombe leseni.